Seti za karatasi za majengo ya reli: kazi ya familia kuanzia mchoro hadi posta

Mnunuzi wa seti ya karatasi, yaani vipande vilivyochapwa vya kukata na kugundisha viwe jengo dogo la reli za modeli, hukaa mezani na kisu, rula na gundi, peke yake, mara nyingi katika nchi nyingine kabisa. Ukuta wa ubavuni ukizidi kwa milimita moja, paa halikai, na hana fundi wa kumwita. Ndiyo maana katika biashara hii unene wa karatasi hushinda uzuri wa mchoro. Familia inayopima sawasawa na kujenga kila seti kabla ya kuiuza hupata wateja wanaorudi. Inayojua kuchora tu hupata malalamiko.

Wapenzi wa reli za modeli wako wengi Uingereza, Ujerumani na Marekani. Uingereza, majina kama Metcalfe na Superquick yamejengeka kwa majengo ya kadibodi, na Scalescenes huuza faili ambalo mteja hulichapa mwenyewe. Kabla hujachora chochote, nunua seti moja ya mtengenezaji mwingine uijenge hadi mwisho. Angalia alivyopanga hatua na alivyoficha maungio ya pembeni. Michoro yake usiinakili, ni mali yake.

Skeli kwanza

Skeli ni uwiano wa modeli na kitu halisi, na kila skeli ina jina lake la herufi. HO ni 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, na ndiyo inayotawala Marekani na Ulaya bara. Waingereza wengi hutumia OO, yaani 1:76. Wageni wa kazi hii hujikwaa hapa kwa sababu HO na OO hutumia reli ileile yenye upana wa milimita 16.5, wakadhani jengo la moja litafaa kwa nyingine. Mlango wa mita 2.1 ni milimita 24.1 katika HO na 27.6 katika OO. Abiria wa OO mwenye urefu wa mita 1.75 ana milimita 23. Msimamishe mbele ya mlango wa HO, kichwa chake kinakaribia kizingiti cha juu. N, iliyo ndogo zaidi, ni 1:160 Marekani na Ujerumani, 1:148 Uingereza, na 1:150 Japani. Andika uwiano kamili kwenye pakiti, usiishie kwenye herufi.

Baki na skeli moja kwa seti zako tatu au nne za mwanzo. Kishawishi kikubwa ni kuchukua faili la HO, kulipunguza hadi asilimia 54.4, na kuliita N. Picha itapungua, lakini kadibodi haipungui. Mwanya uliochorwa kupokea bodi ya milimita 1 sasa una milimita 0.54, bodi haipiti. Kila mwanya, kila ulimi wa gundi (ukingo unaokunjwa na kupakwa gundi) na kila ukuta unaoingia kati ya kuta mbili lazima uchorwe upya. Ni kazi ya siku kadhaa, si ya kubofya mara moja.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki kuna nafasi halisi hapa. Reli mpya ya SGR ya Kenya na Tanzania ina upana wa milimita 1,435, na 1,435 ukigawanya kwa 87 unapata karibu 16.5, kwa hiyo stesheni yake inakaa vizuri kando ya reli ya kawaida ya HO. Reli ya zamani ya mita moja, kama ile ya kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, huwa milimita 11.5 katika skeli hiyo. Wapenzi wake hutumia reli ya milimita 12, nao huiita HOm. Jengo lenyewe linabaki 1:87 kwa zote mbili. Kinachobadilika ni jukwaa na nafasi kati ya ukingo wake na behewa, na hilo liandikwe wazi.

Kupima jengo halisi

Chagua jengo la kwanza lenye kuta nne na paa la mabande mawili: ghala la mizigo, kibanda cha mlinzi wa makutano, nyumba ya mabati yenye veranda. Mnara wa saa utakuja baadaye.

Kama ni stesheni inayofanya kazi, omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla ya kutoa kamera. Piga kila upande ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja, si kwa pembe, na mti wa mita moja uliopakwa rangi kila sentimita 10 ukiegemezwa ukutani. Pale usipofika kwa mkono, hesabu. Mabati ya kawaida ya mawimbi yana milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Matofali ya kipimo cha Uingereza yana urefu wa milimita 215 na kimo cha 65, na pamoja na mota (saruji kati ya matofali) ya milimita 10 kila mstari unapanda milimita 75. Mistari 40 ni mita 3.

Jengo refu lipunguze. Ghala la mita 60 ni milimita 690 katika HO, na meza ya mteja haina nafasi hiyo. Ondoa vyumba vya katikati vinavyojirudia, usibane vilivyobaki. Milango, madirisha na kimo cha dari vibaki katika skeli, maana jicho hulinganisha mlango na mtu kabla ya kulinganisha ukuta na ukuta.

Unene, unene, unene

Karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) ina takriban milimita 0.1. Ya gramu 160 hadi 200 ni 0.2 au zaidi kidogo. Manila nzito ya gramu 250 hadi 300 huwa kati ya 0.3 na 0.4. Bodi ya kijivu, ile wanayotumia wafunga vitabu kwa majalada, huuzwa ya milimita 1, 1.5, 2 na kuendelea. Takwimu hizi ni za kukuelekeza tu. Chukua vipande 10 vya bodi uliyonunua leo, vibane pamoja, pima kwa kalipa (kipimio cha unene), gawanya kwa 10. Fanya hivyo kwa kila shehena mpya, hata kama duka ni lilelile na lebo ni ileile.

Tuchukue jengo la milimita 120 kwa 80 kwa nje, ambalo katika uhalisia ni kama mita 10.5 kwa 7. Kuta za mbele na nyuma zina 120 kamili. Za ubavuni zinaingia kati yao, kwa hiyo zina 80 ukitoa unene mara mbili: 78 kwa bodi ya milimita 1. Sasa shehena mpya ikiwa na 1.15, ukuta wa 78 unatoa jengo la 80.3. Ongeza karatasi ya juu (ile iliyochapwa inayobandikwa kwenye bodi) ya 0.1 kila upande na gundi iliyokauka, umefika 80.5 au zaidi, na paa lililokunjwa kwa 80 linapanda upande mmoja. Mteja ataamini kosa ni la mikono yake, kisha hatarudi.

Njia salama ni kuchora kwenye Inkscape au programu nyingine ya mistari huku unene ukiwa namba moja iliyoandikwa pembeni ya mchoro, na vipande vyote vinavyoutegemea vikiwekewa rangi moja, tuseme nyekundu. Namba ikibadilika, unajua vipande vya kugusa. Paa liachie nafasi ya milimita 0.5 hadi 1 kila upande pale ambapo ukingo unaning'inia, kwa kuwa pengo hilo halionekani.

Karatasi ya juu inayozunguka kona iwe na ziada pia. Ukiizungushia kona ya nje, inasafiri mbali kidogo kuliko bodi iliyo chini yake. Ongeza milimita 0.3 kwa kila kona na uache ulimi wa milimita 6 hadi 8 nyuma. Karatasi iliyopungua kwa nusu milimita huacha mstari wa kijivu kwenye kona, na mstari huo ndio wa kwanza kuonekana kwenye picha.

Mwelekeo wa nyuzi

Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unanyooka. Ukikunja kwa kuzivuka, mkunjo unapasuka na rangi inabanduka. Ikilowa, karatasi hupanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kujua mwelekeo, kata mraba wa sentimita 10, lowesha upande mmoja kidogo: unajikunja kama bomba, na bomba hilo linalala sambamba na nyuzi. Kwa bodi nene, ipinde kwa mikono pande zote mbili. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wenye mkunjo sambamba na nyuzi.

Panga vipande ili mikunjo mirefu ifuate nyuzi. Kuta ndefu za bodi ziwe na nyuzi kwa urefu wake, zitasimama bila kupinda. Utapoteza karatasi kidogo kwa mpangilio huo, na inafaa kuipoteza.

Kuchapa

Mota ya milimita 10 katika HO ni milimita 0.115. Katika picha ya nukta 300 kwa inchi, hiyo ni nukta moja na theluthi hivi, ambayo printa huigeuza ukungu. Michoro ya matofali ya HO iandae kwa nukta 600. Kwa N, punguza tofauti ya rangi kati ya tofali na mota, la sivyo ukuta mzima unaonekana kama wavu.

Printa ya leza hutoa chapa isiyolowa, ila tona (unga wake wa rangi) hupasuka kwenye mikunjo mikali. Printa ya wino hukunjika vizuri, lakini wino wa bei nafuu hupauka juani na kutiririka gundi ya maji ikigusa. Wino wa chembe, yaani pigimenti, ndio unaofaa kwa seti za kuuza. Kwa vyovyote, weka karatasi moja iliyochapwa vizuri ndani ya bahasha nyeusi, na kila shehena mpya uilinganishe nayo mchana karibu na dirisha. Paa na kuta za seti moja zichapwe siku moja kwenye ream moja, yaani pakiti moja ya karatasi.

Ukiuza faili la PDF, adui wako ni mpangilio wa printa unaobana ukurasa utoshee karatasi. Hupunguza kila kitu kwa asilimia chache, na mteja haoni mpaka bodi ikatae kuingia. Weka mstari wa milimita 100 kwenye kila ukurasa, pamoja na maneno ya kumwambia achape kwa ukubwa halisi na apime mstari huo kabla ya kukata. Ulaya wanatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, 215.9 kwa 279.4. Ukibakiza michoro yote ndani ya 190 kwa 255, faili moja linatosha pande zote mbili.

Kukata

Kwa seti 20 au 30 za mwanzo, kisu kizuri, rula ya chuma na mkeka wa kukatia vinatosha. Bodi ya milimita 2 hukatwa kwa kupitisha kisu mara sita au nane bila kukandamiza. Anayekandamiza huinamisha makali na ukingo unatoka mshazari. Badilisha wembe mapema. Wembe butu hung'oa nyuzi kwenye kona za madirisha, na hakuna gundi inayoziba hilo.

Mashine ndogo za mezani za kukata, kama Silhouette na Cricut, hufanya kazi safi kwenye karatasi hadi manila. Kwa bodi ya kijivu, leza ya CO2 ndiyo inayofaa zaidi. Leza hula upana wake yenyewe, kati ya milimita 0.1 na 0.2, kwa hiyo kata mraba wa majaribio wa milimita 50, upime kipande na tundu, kisha urekebishe mchoro. Acha vishikizo vya milimita 0.5 ili vipande visidondoke ndani ya mashine. Kingo zitatoka za kahawia. Waelekeze wateja wazipake kalamu ya rangi kabla ya kugundisha, si baada.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Usiiache leza ikikata karatasi bila mtu kuitazama, maana karatasi hushika moto. Na usikate plastiki ya PVC: hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu na kula mashine. Plastiki angavu za jalada zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi mara nyingi ni PVC hiyohiyo. Kwa vioo vya madirisha, nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni asetati au PET.

Gundi na kupinda

Gundi nyeupe ya mbao ina maji, na maji hupinda ukuta. Ukibandika karatasi upande mmoja wa bodi, upande huo hupanuka, halafu ukikauka hunywea na kuivuta bodi. Dawa ni kubandika karatasi upande wa pili pia, hata ya gramu 80 isiyo na chapa, kabla upande wa kwanza haujakauka, kisha kulaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Ndiyo sababu seti nzuri huwa na karatasi za ndani, hata kama hakuna atakayeona chumba. Gundi ngumu ya kusugua (glue stick) haina maji mengi na inafaa kwa sehemu kubwa, lakini hushika polepole kwenye ncha za ndimi. Hapo ndipo gundi nyeupe inaruhusiwa, tone dogo kwa kijiti.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, unyevu unaingia hata kwenye karatasi isiyofungwa vizuri. Hifadhi ream zikiwa zimelala ndani ya karatasi yake ya kufungia, na uache karatasi chumbani siku nzima kabla ya kuchapa.

Maelekezo na mjaribu

Vipande vipewe namba kwa mpangilio wa kujengwa, si kwa mpangilio wa ukurasa. Namba ya toleo iandikwe kwenye kila karatasi. Kila hatua iwe na picha moja na kitendo kimoja, na panapohitajika kusubiri gundi ikauke, taja muda.

Katika familia, anayechora asiwe anayejaribu. Mpe seti mtu ambaye hajawahi kuona jengo hilo, kaa karibu naye, nyamaza. Kila anaposimama, kurudi ukurasa wa nyuma au kugeuza kipande mara mbili, andika saa na namba ya hatua. Usimsaidie. Sehemu tatu alizosimama kwa muda mrefu zaidi ndizo zinazohitaji picha mpya au mchoro mpya. Rudia kwa mtu mwingine, kwa sababu wa kwanza sasa anajua njia. Seti isiyojengwa na watu wawili tofauti haijawa tayari kuuzwa, hata kama mteja anasubiri.

Kupakia kwa mizani

A4 moja ya gramu 160 ina uzito wa gramu 10. Ya gramu 80 ina 5. Bodi ya milimita 1 ya A4 ina kama 39. Seti yenye bodi 3, karatasi 4 za gramu 160, plastiki moja na maelekezo ya karatasi 2 ni karibu gramu 176, bila mfuko. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja itakuonyesha karatasi iliyosahaulika kabla mfuko haujafungwa. Angalizo: karatasi hunywa unyevu, na uzito wa seti unaweza kupanda gramu tatu au nne siku ya mvua. Kwa hiyo weka seti moja iliyohakikiwa kipande kwa kipande, ipime asubuhi ya siku ya kupakia, na ulinganishe nyingine na namba ya siku hiyo.

Bei

Huu ni mfano wa hesabu, weka namba zako. Vifaa shilingi 6,000. Upotevu wa asilimia 10 ni 600. Kazi ya dakika 25 kwa 6,000 kwa saa ni 2,500. Umeme, nyembe na uchakavu wa mashine 1,500. Mchoro ulikula saa 80, yaani 480,000. Ugawe kwa seti 200 unazoamini utaziuza, si 2,000 unazoziota: 2,400. Jumla 13,000. Bei ya kuyauzia maduka isishuke chini ya 19,500, na duka likibakiza asilimia 35, rejareja ni 30,000. Ukiuza mwenyewe, uza kwa 30,000 hiyohiyo. Anayeuza 20,000 mtandaoni huwafungia mlango wenye maduka, nao hawafungui tena.

Saa za mtoto aliyepakia na mama aliyehakiki zihesabiwe. Biashara nyingi za nyumbani huonekana zina faida kwa sababu kazi ya ndugu imeandikwa sifuri.

Kupeleka nje

Kwa Umoja wa Ulaya, seti za modeli za wakusanyaji hazihesabiwi vitu vya kuchezea chini ya Maelekezo 2009/48, sheria yake ya usalama wa vitu vya kuchezea, mradi pakiti ionyeshe wazi kuwa ni za wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi. Tangu 13 Desemba 2024, bidhaa inayouzwa kwa walaji wa huko inahitaji pia msimamizi aliyeko ndani ya Umoja, jina na anwani yake vikiwa kwenye bidhaa au pakiti. Kwa familia ndogo, rahisi ni kuuzia duka la huko lenye kuagiza kwa jina lake, na kubakiza PDF kwa wateja wa moja kwa moja.

Msimu wa kujenga ni baridi ya kaskazini, Novemba hadi Februari. Maonyesho makubwa ya reli za modeli ya West Springfield, Massachusetts, hufanyika Januari, na ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Shehena ya maduka iwe imeondoka kabla Septemba haijaisha. Kila bahasha iwe na bodi ngumu mbele na nyuma, kubwa kuliko seti kwa milimita 5 pande zote, maana kona ndizo hupigwa njiani.

Mteja akiandika kwamba kipande namba 17 hakimo, mtumie karatasi nzima yenye kipande hicho, ya toleo lilelile aliyo nayo. Kipande kimoja kilichochapwa leo hakitalingana rangi na kuta alizokwisha simamisha; akiwa na karatasi nzima anaweza kubadilisha upande wote.